Sikuanguka Ngazini

Izia, Sumbawanga
10 Juni 2024

Mzee Zenon,

Shikamoo. Najua utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Namba yako ya zamani siku hizi inapokelewa na kijana wa Geita anayeuza viatu. Nimempigia mara nyingi hadi tumezoeana, ananiuliza hali ya watoto. Polikarp, yule dereva wa Fuso anayefuata dagaa huko Wampembe, ndiye aliyenidokeza kuwa unaishi karibu na mwalo wa samaki, na kwamba mtandao huko ni wa kubahatisha. Basi nimempa barua hii.

Huku ni baridi ile unayoijua, upepo unapita hadi kwenye mifupa. Teodori yuko shambani na watoto, wanavuna mahindi. Mimi sikwenda, na ndiyo sababu ninakuandikia.

Unakumbuka baada ya ajali nilitiwa skrubu kwenye nyonga ya kushoto, na mfupa ukaunga. Mwaka 2022 watu wa Mfuko wa Fidia walinipima, wakaandika ulemavu asilimia kumi na mbili, wakanilipa mara moja, nikasaini, faili likafungwa. Niliporudi ghalani nilikuta umestaafu na umehama bila hata kuniaga. Kupanda malundo na kutoboa magunia kwa bambo kuchukua sampuli za mahindi sikuweza tena, wakaniweka kushona magunia nikiwa nimekaa. Nilikubali. Nikasema yamekwisha.

Hayakwisha. Tangu Novemba mguu ulianza kunisaliti. Kwanza nilichechemea, halafu nikashika fimbo, sasa ni magongo mawili, na mwezi wa tatu niliacha kazi. Mwezi wa nne nilikwenda Mbeya. Daktari aliitundika picha kwenye taa akanionyesha: kichwa cha mfupa wa paja kinakufa kwa kukosa damu, kimebonyea kama kiazi kilichokanyagwa. Akaniambia, "Mama, huu si ugonjwa mpya. Ni ajali yako ile ile, haijamaliza kazi." Anataka niwekewe nyonga ya bandia mapema.

Nimekwenda ofisi ya Mfuko. Afisa wa pale, Bi Kristiana, ni mtu wa kusikiliza. Aliniambia, "Faili kufungwa siyo kuzikwa. Hali ikibadilika tunaweza kuipitia upya. Lakini lazima ionekane kwamba maumivu ya leo yametoka kwenye ajali ile." Kisha akafungua fomu ya ajali, akasoma kwa sauti: Mfanyakazi aliteleza kwenye ngazi, kimo cha futi tatu. Akanitazama. "Futi tatu, mama? Na mfupa mkubwa namna hii?"

Nilichukua magongo yangu nikaaga, Mzee. Niliaga kama mjinga.

Mimi na wewe tunajua kwamba sikuanguka ngazini. Naomba uniandikie ulichokiona siku ile ya Agosti 2021, uweke saini. Wewe ndiye uliyekuwa mkuu wa ghala, neno lako lina uzito. Sikuombi zaidi ya hapo. Msalimie sana mama Asnath.

Bertilla


Wampembe
1 Julai 2024

Mama Salome,

Barua yako imefika, na pole sana kwa mguu. Sisi huku ni wazima, joto na mbu ndiyo wenzetu.

Kuhusu hilo ulilouliza, miaka imepita na mimi sasa ni mzee, mengi yamenitoka. Ninachokumbuka ni kwamba ulianguka na tukakupeleka hospitali. Kama fomu inasema ni ngazi, basi ni ngazi. Uliisaini mwenyewe kwa mkono wako, hakuna aliyekulazimisha. Nakushauri kama mzazi, usifukue kilichofukiwa. Unaweza kufukua ukakuta na wewe umo. Ulichopata ulipata, mshukuru Mungu, tafuta dawa za kupunguza maumivu.

Nimempa Polikarp samaki kidogo, migebuka mikavu, uwapikie watoto. Tunakuombea.

Zenon


Izia
22 Julai 2024

Mzee Zenon,

Migebuka nimeipokea. Niliwapa majirani.

Miaka sita nimefanya kazi chini yako. Hukuwahi kuniita Mama Salome hata siku moja, uliniita Bertilla, na nilipokosea uliniita Bertilla mara mbili. Hata mwandiko wako si ule wa daftari la ghala. Labda ndivyo mkono unavyokuwa ukiandika ambacho moyo haukijui.

Sasa nikueleze yaliyotokea tangu nilipokuandikia, ili usiseme hukuambiwa. Kampuni imepeleka barua kwa Mfuko. Inasema maumivu yangu yametokana na "shughuli binafsi za kilimo", kwamba mwezi wa pili nilionekana shambani nikipalilia ulezi. Ni kweli nilipalilia. Nilipalilia nimekaa kwenye kigoda, nakisogeza kwa mkono mstari kwa mstari, kwa sababu watoto wanakula. Hilo la kigoda hawakuliandika.

Jumamosi alikuja meneja mwenyewe, Shedrack. Gari likasimama mlangoni, majirani wakatoka kutazama. Akaingia, akakaa, akakataa chai.

"Bertilla," akasema, "sisi ni familia. Kuna nafasi ya kupokea simu pale getini, kazi ya kukaa. Anza hata Jumatatu. Hiyo habari ya Mfuko iache."

"Na nyonga?"

"Nyonga ni mambo ya hospitali. Na nikwambie kitu kwa nia njema. Ukienda pale kusema fomu ilikuwa ya uongo, ujue saini iliyo chini yake ni yako. Anayedanganya Mfuko anashitakiwa."

Nilimwambia, "Asante kwa nia njema. Nyumba yangu mlango wake ni mfupi, angalia kichwa ukitoka."

Alipoondoka niliogopa, siwezi kukuficha. Kwa sababu alisema kweli. Ile saini ni yangu, na hata Teodori hajui. Tangu 2021 mume wangu anawasimulia watu kwamba niliteleza ngazini, na mimi nimekaa pembeni namsikiliza.

Nina swali moja, Mzee. Walikupa nini? Maana uliondoka kwako Katandala haraka kama mtu anayefukuzwa, ukajenga nyumba ya bati ziwani. Kama uliuza mguu wangu, niambie uliuza kwa kitu gani. Nitaacha kukuandikia, lakini ofisini nitarudi. Nitarudi na wewe au bila wewe. Bi Kristiana amenipa hadi tarehe 16 Septemba kupeleka ushahidi.

Barua hii nimemwambia Polikarp aitie mkononi mwako, siyo nyumbani kwako.

Bertilla


Wampembe
4 Agosti 2024

Bertilla,

Polikarp amenikuta mwaloni napanga makreti. Nimesoma barua yako mara ya kwanza nimesimama, mara ya pili ikabidi nikae.

Barua yako ya kwanza sikuiona. Jibu ulilopata si langu. Nimemuuliza mke wangu na hakukana. Anasema aliipokea, akaisoma, akaona nitafungwa, akaandika yeye. Ana makosa, lakini alijifunza woga huo kwangu, kwa hiyo usimchukie kabla hujamaliza kunichukia mimi.

Umeuliza walinipa nini. Hawakunipa kitu. Wangenipa, leo ningekuwa na kisingizio. Nyumba ya bati ni ya kaka yake Asnath. Katandala niliondoka kwa sababu kila nilipokwenda sokoni nilikuwa nachungulia kwanza kama hupo.

Sasa nakuandikia yote kama nilivyokuwa naandika daftari, bila kuruka mstari.

Ghala lilikuwa linavuja kona ya kaskazini. Nilisema mara mbili, likazibwa kwa turubai. Lundo la tatu lilikuwa limekaa kwenye unyevu huo, magunia ya chini yalikuwa yameanza kulegea. Lundo lilitakiwa kuwa safu kumi na nane. Shedrack alitaka nafasi kwa ajili ya mzigo mpya, akaniagiza tupandishe. Nikapandisha hadi ishirini na mbili. Hakuna aliyenishika mkono. Nilijua.

Siku ile gari la Tunduma lilikuwa linasubiri sampuli, dereva anapiga honi. Ulisimama chini ukatazama juu, ukasema, "Mzee, hili lundo limeinama." Nikakujibu, "Panda tu mama, gari linasubiri." Nina hakika unakumbuka. Mimi nalikumbuka kila ninapomwambia mtu neno "panda", hata kama ni mtumbwi.

Ulipanda. Ulichoma bambo mara tatu. Kisha lundo likatoka chini kama meza iliyoondolewa mguu, ukaja nalo kutoka juu, zaidi ya mita nne. Tulikutolea magunia sita. Mawili yalikuwa juu ya nyonga yako. Niliyahesabu, kuhesabu ndiyo kazi pekee niliyoijua.

Fomu aliiandika Shedrack. Mimi nilisaini kama shahidi, kisha nikakuletea wodini. Nikakwambia, "Ukisema lundo, wakaguzi watalifunga ghala, watu arobaini watalala njaa." Ulikuwa unalia kwa maumivu, ukauliza kalamu iko wapi. Nilikuwa nimebakiza miezi minne kustaafu. Hao watu arobaini niliwatanguliza mbele, nyuma yao nilikuwa nimejificha mimi.

Nitakuja. Na nimefikiria namna ya kukukinga. Nitasema saini yako niliiweka mimi, wewe ulikuwa umelala kwa dawa, hukujua lolote. Hapo hakuna atakayekugusa. Mimi nina miaka sitini na tatu, watanifanya nini?

Zenon


Izia
13 Agosti 2024

Mzee Zenon,

Shikamoo. Salamu hii sikuiandika mara ya mwisho, naiandika sasa.

Nimesoma barua yako peke yangu, kisha nikamwita Teodori nikamsomea yote, pamoja na mahali pa kalamu. Alinisikiliza hadi mwisho. Akachukua jembe akaenda shambani, na huu si msimu wa jembe. Nilikaa na magongo yangu mlangoni nikisema, basi, na hili nalo limevunjika. Alirudi jua limeshainama. Akanawa miguu, akauliza, "Ofisini tunakwenda lini?" Nikajua sina mume wa kuchezea.

Kuhusu hilo la kusema saini uliiweka wewe: hapana. Nakushukuru kwa nia, lakini hapana. Uongo wa kwanza nao uliletwa kitandani kwangu kama msaada. Kama tusingeuandika ule, daktari aliyenipima 2022 angejua niliangukiwa na magunia, angeitazama ile nyonga kwa jicho lingine. Labda mfupa ungekufa hata hivyo, sijui, mimi si daktari. Lakini angekuwa anatazama kitu cha kweli.

Halafu fikiria. Wakigundua saini ni yangu kweli, na itagundulika, maana Shedrack alikuwa anajua, kila kingine tutakachosema kitaoza, hata lile lundo. Nilisaini mimi. Nilikuwa na akili zangu. Niliwafikiria wale wenzangu arobaini na nikaogopa kuitwa mwanamke aliyefunga ghala. Hayo ndiyo nitakayosema, kwa maneno hayo hayo.

Jana nilikwenda kumuuliza Bi Kristiana, bila kuzunguka, nini kinampata mtu aliyesaini taarifa ya uongo akarudi mwenyewe kuisahihisha. Akaweka kalamu chini. Akasema hawezi kuniahidi kitu. Wanaweza kuikataa kabisa, wanaweza kunionya, wanaweza kuipeleka mbele. Akaniuliza, "Bado unataka kuleta huo ushahidi?" Nikamwambia, "Nimekuja na bajaji, na kila shimo la barabara ya Izia nimelisikia kwenye nyonga. Nisingekuja kwa kitu nisichokitaka."

Kwa hiyo njoo useme uliyoyaona na uliyoyafanya wewe. Yangu niachie mimi. Uje kabla ya tarehe 16.

Bertilla


Wampembe
9 Septemba 2024

Bertilla,

Ni mimi Asnath. Safari hii naandika kwa jina langu.

Sitaki kuomba msamaha kwa namna ya kupendeza. Niliisoma barua yako ya kwanza nikaona mume wangu akiwa kwenye karandinga. Nikaona mimi nikibaki ziwani kwa hisani ya kaka, mwanamke wa mlimani asiyejua hata kutengeneza nyavu. Nikachukua kalamu. Wakati naandika "tafuta dawa za kupunguza maumivu" nilijua kwamba natenda dhambi, nikaendelea. Nawe ukaitambua kwa neno moja tu, Mama Salome. Mimi ndivyo ninavyokuita, sikufikiria kwamba yeye hakuiti hivyo.

Kitu kimoja nataka ukijue. Miaka mitatu hii alikuwa hali chakula cha kumaliza. Tulidhani ni tumbo, tumezunguka zahanati. Tangu amekuandikia anamaliza sahani. Nimekasirika mno kuliona hilo, kwa sababu maana yake ugonjwa niliuona kila siku na sikuujua jina.

Ameondoka leo na Polikarp. Amevaa koti lake la kazini na kalamu mfukoni kama anakwenda kupokea mzigo. Amesema, "Nisiporudi Jumatano ya wiki ijayo usilie, uliza." Mimi nitalia na nitauliza.

Nakuomba, akitoka humo ofisini, usimwache apande gari bila kula.

Asnath


Izia
17 Septemba 2024

Mama Asnath,

Mumeo amekula ugali wa ulezi na maharage nyumbani kwangu, akaongeza. Polikarp anakuletea yeye mwenyewe pamoja na barua hii. Kwa sababu najua hatakusimulia vizuri, nakusimulia mimi.

Tulikuwa chumba kimoja: Bi Kristiana, daktari wa Mfuko aliyetoka Mbeya, Shedrack na wakili wake, Teodori, mimi, na Mzee. Nilitangulia kusema. Nilisema sikuanguka ngazini, na kwamba niliyesaini kuwa nilianguka ngazini ni mimi, nikiwa macho. Wakili akaruka juu. "Kwa hiyo unakiri kwamba ulidanganya?"

"Ndiyo."

"Na leo tukuamini kwa sababu gani?"

Nikamwambia, "Usiniamini mimi. Iamini picha ya mfupa, halafu msikilize huyu."

Mzee akasimama. Aliambiwa aketi, akasema anazungumza vizuri akisimama. Akaeleza kuhusu kona inayovuja, safu ishirini na mbili, honi ya gari. Sauti ilikuwa ndogo, lakini haikukatika. Alipofika pale pa mimi kupanda aligeuka, akaacha kumtazama wakili akanitazama mimi. "Aliniambia limeinama. Mimi ndiye niliyemwambia apande."

Shedrack akasema, "Mzee Zenon, umri umekuchanganya."

Mzee akatoa mfukoni daftari dogo, lile la jalada jekundu. Wewe unalijua kumbe, mimi sikulijua. Alikuwa anaandika hesabu za kila siku humo kabla ya kuzihamishia daftari kubwa. Ukurasa wa siku ile: Lundo 3, safu 22, kwa agizo la meneja. Limeanguka saa 5 asubuhi. Magunia 6 juu ya B. Daktari alilichukua akasoma, kisha akaichukua picha yangu, akawa anatazama kimoja, anatazama kingine. Akamwambia Bi Kristiana, "Hii sasa inaeleweka." Wakili aliomba waende nje kidogo na mteja wake. Walirudi wakili ameshafunga mkoba wake.

Hakuna aliyekamatwa. Tumeambiwa tusubiri uamuzi. Mzee ameandika maelezo kurasa nne na kuapa mbele ya hakimu.

Kuhusu ile barua, nimekusikia. Bado imenikaa kooni. Lakini mtu anayesema "nilijua natenda dhambi, nikaendelea" naweza kuzungumza naye, maana na mimi nilishika kalamu nikijua.

Bertilla


OFISI YA MFUKO WA FIDIA
Sumbawanga, 28 Oktoba 2024

Kwa Bi Bertilla Sikazwe,

YAH: MAOMBI YA KUPITIA UPYA MADAI YALIYOHITIMISHWA

Rejea maombi yako na kikao cha tarehe 16 Septemba 2024.

Baada ya kupitia taarifa za daktari, maelezo ya shahidi na taarifa ya ukaguzi wa ghala, imeonekana kuwa hali yako ya sasa inatokana na ajali ya Agosti 2021. Madai yako yamefunguliwa upya. Utagharimiwa upasuaji wa nyonga, na tathmini mpya ya ulemavu itafanyika baada ya matibabu.

Kuhusu taarifa isiyo sahihi uliyoisaini, imezingatiwa kuwa umeisahihisha kwa hiari yako. Unapewa onyo la maandishi, ambalo limeambatishwa. Hatua dhidi ya mwajiri zinashughulikiwa na mamlaka husika.

Kristiana Kapele
Afisa Madai


Wampembe
12 Januari 2025

Bertilla,

Uamuzi wako niliusikia Desemba, kisha barabara ikakatika kwa mvua wiki tatu, ndiyo maana nimechelewa kukupongeza. Nami nimepata onyo langu la maandishi. Asnath amelitia kwenye Biblia. Anasema likae humo linione kila Jumapili.

Polikarp amesema wakaguzi waliingia ghalani, malundo yote yameshushwa na kupangwa upya, paa limeezekwa, na ghala lilifungwa siku tisa tu. Siku tisa, Bertilla. Wale watu arobaini hawakufa njaa. Kumbe tulichokuwa tunakiogopa kilikuwa siku tisa.

Wengine wa pale, niliowapangia zamu miaka yote, wameacha kunisalimia wakishuka huku kununua samaki. Wananiita mzee wa kuuza watu. Nimewaacha. Mwingine, mwanamke anayechukua sampuli nafasi yako, alinisimamisha mwaloni akaniambia kwamba sasa lundo likiinama anakataa kupanda, na hakuna anayempigia kelele. Hilo nimeliweka moyoni.

Nasikia upasuaji ni mwezi ujao. Nilikuwa nimeazimia nisikuulize, lakini hujui siku ambayo mtu anaingia chumba cha upasuaji inatoka vipi, nami sitaki kubaki na swali mkononi. Je, umenisamehe?

Zenon


Mbeya, wodi ya wanawake
3 Machi 2025

Mzee Zenon na mama Asnath,

Shikamooni. Ni wiki moja tangu nipasuliwe. Daktari alinionyesha picha mpya: chuma kinang'aa mahali palipokuwa na kile kiazi. Teodori aliiangalia akasema sasa nyumbani hakuna kitu cha thamani kunizidi, wezi wakija watanibeba mimi. Nilicheka hadi mshono ukauma.

Maumivu yapo, lakini ni mengine. Yale ya zamani yalikuwa yanakula. Haya yanafunga, nayasikia yanafunga.

Nimeisoma barua yako ya Januari mara nyingi. Jibu niliandika nikachana, nikaandika tena nikachana, karatasi zikaisha nikaomba kwa mgonjwa wa kitanda cha pili. Ningeweza kukuandikia "nimekusamehe" ukalala vizuri. Ila sisi wawili tumeshaona kinachotokea tukiandika neno kwa sababu linamfaa mtu.

Ukweli ni huu. Uliposema mbele ya watu kwamba wewe ndiye uliyeniambia nipande, kitu kilinitoka ambacho nilikuwa nimekibeba bila kujua uzito wake. Miaka yote ile nilikuwa najiuliza, kwa nini nilipanda wakati niliona limeinama? Nilijiona mjinga. Siku ile nikajua nilikuwa mfanyakazi aliyeagizwa na mkubwa wake. Hilo umenirudishia, na hakuna mwingine ambaye angeweza kunirudishia.

Hasira bado ipo. Kuna asubuhi inaamka kabla yangu. Lakini siiandalii chai tena, inakaa kidogo inaondoka. Nadhani itaacha kuja. Ikiacha, nitakuandikia siku hiyo hiyo, usiniulize kabla.

Tathmini mpya ni mwezi wa sita. Nitakwenda mwenyewe, na nitasema kila kinachouma na kila kisichouma.

Leo muuguzi amenisimamisha. Ameniachia kile kigari cha kushikilia, akatembea pembeni yangu bila kunigusa. Nimekwenda kutoka kitandani hadi kwenye dirisha la mwisho wa wodi. Jasho lilinitoka kama mtu anayetwanga. Akaniambia, "Mama, kwa leo inatosha, nikuletee kiti cha magurudumu."

Nikamwambia akiache huko huko. Nilikuwa nimeshageuka kurudi kitandani kwa miguu yangu.

Bertilla